Jaketi la Mvua ya Koboko

Mvua ya Koboko haianzi kwa matone. Kwanza unasikia harufu ya vumbi lililoamka, kisha mabati ya msikiti yanaguna, kisha mashamba ya muhogo ya upande wa Sudan yanafutika moja baada ya jingine, na kabla hujamaliza kusema "inakuja" imeshakuingia kwenye soksi. Ukiwa chini ya paa, ni mvua nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona. Ukiwa juu ya pikipiki, ni adui anayejua jina la mama yako.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilipata kazi ambayo vijana wenzangu waliitamani: kubeba makaratasi ya forodha. Mwajiri wangu alikuwa mama mmoja mpana, mwenye sauti ya polepole, aliyekuwa na ofisi ya uwakala pale Oraba, mpakani, Kaya ikionekana kwa macho. Malori yalipofika na mizigo, yeye aliandaa makaratasi. Mimi niliyaweka kifuani, nikapanda pikipiki ya ofisi, nikapita Koboko, nikafika Arua, yakapigwa mhuri, nikayarudisha. Bila mhuri lori halisogei. Dereva analala chini ya gari lake, vitunguu vinaanza kuota, na mwenye mali anakuja kupiga meza ya mama kwa kiganja.

Kifuani, nimesema. Hiyo ilikuwa sheria yake. Sanduku la nyuma lilikwisha kudondoka njiani mara mbili, na mfuko wa begani mtu anaweza kuuchomoa unapopunguza mwendo penye matope. "Kifua hakuna mutu ya kuiba," alisema mama. Niliyafunga kwa nailoni, lakini nailoni iliyopatikana siku zile ilikuwa ile nyepesi ya kupimia sukari, na mtikisiko wa barabara ile uliisugua kwenye vifungo vya shati hadi ikawa chujio.

Ndivyo ilivyotokea katika wiki yangu ya tatu. Nilikuwa na sweta na kijaketi cha michezo. Mvua ilinishika mbele ya Koboko na haikuniacha. Nilipofika Arua meno yangu yalikuwa yanagongana kwa sauti, na maji yaliyotoka kwenye mkono wa jaketi yalimwagika mezani kwa ofisa wa forodha kama mtu aliyemimina chai. Watu wa nchi za baridi hawaamini kwamba mtu anaweza kutetemeka karibu na ikweta. Waje wakae juu ya pikipiki kwa mwendo wa saa moja na nusu, wamelowa, mwezi wa nane, halafu tuzungumze.

Ofisa aliinua makaratasi kwa vidole viwili. Wino wa zambarau ulikuwa umetembea kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa nne bila kusimama.

"Kijana," alisema, "hii ni tangazo la mizigo, au ni mchuzi wa mchicha?"

Malori matatu yalikaa Oraba siku mbili zaidi. Mama hakunipigia kelele. Alinipa kikombe cha chai, akaningoja ninywe, kisha akasema, "Mutu ya mbele yako nilifukuza kwa sababu ya mvua. Wewe, mara moja nasamehe, kwa sababu mvua iko ya Mungu. Mara ya pili iko yako."

Basi nilihitaji jaketi, na nilihitaji lipatikane kabla ya mvua nyingine kubwa.

Nilikuwa nikiishi Koboko kwa shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, mjane, mwanamke wa Kinubi aliyeshika usafi kama watu wengine wanavyoshika dini, ingawa dini nayo aliishika. Katika uwanja huohuo aliishi mdogo wao wa mwisho, baba yangu mdogo. Kila mtaa wa Koboko ulikuwa na wazee wake wa jeshi: huyu alipiga tarumbeta, yule alipika, yule anasema alirusha ndege. Wetu alikuwa tarishi wa pikipiki, mtu wa kupeleka barua za wakubwa kutoka kambi hadi kambi. Mwaka wa sabini na tisa, serikali yao ilipoanguka, tulikimbilia Kongo, na tuliporudi miaka mingi baadaye, jeshi lake halikuwepo wala pikipiki yake. Alikuwa amebaki na maarifa mengi mno na hakuna mtu wa kumpa. Nilipomwambia nataka kununua jaketi la mvua, aliweka chini bakuli la uji, akasimama wima.

"Jaketi si nguo," alisema. "Jaketi iko nyumba. Ina mulango, ina paa, ina dirisha. Wewe utanunua nyumba bila fundi?"

"Hapana, Baba."

"Basi kesho naenda na wewe Arua. Na itakuwa ngozi."

Ngozi ilikuwa habari ndefu. Alikuwa na koti la ngozi nyeusi, la jeshi, lililofika magotini, na aliliacha kwenye msumari siku tuliyokimbia. Shangazi alikuwa ameacha vyombo, godoro, mashine ya kushonea na mbuzi wanane, lakini katika uwanja wetu kilichoombolezwa ni lile koti tu. Katika mvua ya siku tatu, alikuwa akisema, lile koti halikupitisha tone.

Shangazi alisikiliza yote hayo akiwa anachambua mchele. "Munakwenda kununua nguo ya muzungu amekufa," alisema bila kuinua kichwa; mitumba yote aliiita hivyo. "Mununue. Lakini haiingii nyumba yangu mpaka ipate moshi."

Tulidhani anatania. Hilo lilikuwa kosa letu la kwanza.

Asubuhi tukaenda, mimi naendesha, baba mdogo nyuma amekunja mikono kifuani bila kushika popote, ili barabara nzima ijue kwamba hajasahau. Soko la mitumba la Arua, ambayo sisi tuliita mivumba, lilikuwa limejaa. Muuzaji wetu alikuwa Mkongo mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka, mwembamba, mwenye kofia tatu kichwani kwa sababu zote zilikuwa za kuuzwa. Alikuwa amefungua bunda la makoti ya baridi, na makoti yale yalilala juu ya turubai kama watu waliochoka na safari.

"Mutu ya pikipiki?" alituuliza kabla hatujasema neno. "Nimeona kwa magoti. Magoti yako na matope mbele, nyuma safi. Kuja, kuja."

Baba mdogo hakuangalia kitu kingine. Alikuwa ameiona ngozi. Jaketi jeusi, la kuishia kiunoni, lenye zipu za fedha kila mahali, hata mahali pasipo na mfuko. Nakiri: nami moyo uliruka. Nilijiona nikipita Onduparaka saa ya mazoezi ya mpira, jua likicheza kwenye zile zipu, mabinti wakisahau nani kafunga bao. Nililivaa. Lilinikaa kama limenizaa.

"Unaona?" alisema baba mdogo, na sauti yake ilikuwa imelowa. "Unaona sasa?"

"Mutu ya pikipiki anataka nini?" aliuliza yule Mkongo. "Anataka uzuri, ama anataka kukauka?"

"Ngozi haipitishi maji," alisema baba mdogo.

Yule Mkongo hakubishana. Alichukua birika lake la kunawia na kumimina maji kidogo begani kwangu. Tulisimama tukitazama. Maji yalikaa kwa muda kama wageni wasiojua kama wamealikwa, kisha yakaanza kuingia. Bega liligeuka rangi. Nilisikia ubaridi kwenye shati. Nilipolivua na kumpa baba mdogo, mkono wake ulishuka kwa uzito.

Watu waliokuwa karibu wakacheka. Baba mdogo alilishika lile bega lililolowa, akalibonyeza kwa kidole gumba.

"Kusema kweli," alisema polepole, "hata ile yangu ilikuwa inapitisha."

"Lakini, Baba, siku tatu za mvua..."

"Nilikuwa nalowa. Nilikuwa nalowa mpaka chupi. Lakini nilikuwa nalowa na heshima."

Baada ya maneno hayo akawa mtu mwingine, fundi wa kweli. Akakunja mikono ya shati na kuingia ndani ya lile rundo kama mtu anayetafuta pete kisimani. Akatoa jaketi ambalo hadi leo nikifumba macho naliona: turubai nzito iliyopakwa nta, kola ndefu, zipu iliyofunikwa na ubao wa kitambaa, vifungo juu yake, mkanda wa kubana kiunoni. Tulimimina birika zima juu yake na maji yakakimbia kama yamefukuzwa. Hakukuwa na jaketi bora zaidi katika Arua nzima. Lilikuwa la kijani.

Kelele zilipungua kidogo kando yetu. Mama mmoja aliyekuwa akichagua sketi akahamia turubai la jirani.

"Hiyo," alisema yule Mkongo akiangalia pembeni, "nauza na maombi."

Baba mdogo alilikunja taratibu na kulirudisha chini kabisa ya rundo. "Ukivaa hii," aliniambia kwa sauti ya chini, "kila kizuizi watakuuliza uko askari ya nani. Na jibu lolote utatoa, liko baya." Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Wilaya yetu ilikuwa na watu wengi waliofikia uzee kwa kujua rangi ya kutovaa.

Likabaki la tatu. Yule Mkongo alilitoa kwa aibu kidogo, kwa sababu lilikuwa la njano. Njano ya manjano yenyewe, ya mchuzi, ya kifaranga. Nje lilikuwa kitambaa kigumu, ndani limepakwa mpira mwembamba mweusi, mishono imefunikwa kwa utepe, zipu imefunikwa na ubao wa kitambaa kama wa lile la kijani. Mgongo wake ulikuwa mrefu kuliko mbele.

"Watu wataniona toka Kaya," nilisema.

"Lori likuone toka Kaya," alijibu baba mdogo. "Wewe unataka lori likuone wapi? Chini ya tairi?"

Akaazima benchi ya fundi cherehani, akaniketisha kama juu ya pikipiki, akaniamuru kunyoosha mikono. "Jaketi hapana nunua umesimama. Umesimama, yote iko sawa. Kaa! Shika usukani! Mikono imepanda? Hapana. Mugongo iko wazi? Hapana. Haya, kata kona!" Nikakata kona. "Lori mbele!" Nikafunga breki. Wakati huo tulikuwa na watazamaji wa kutosha kuanzisha kijiji, na kila mmoja alikuwa na ushauri. "Gia! Umesahau gia!" alipiga kelele mzee mmoja ambaye kwa kweli alionekana kuwa na wasiwasi. Kisha baba mdogo akanivalisha sweta mbili za muuzaji chini ya jaketi, saa sita mchana, jua limetoka, na juu ya sweta akaniwekea daftari lake la zamani mahali pa bahasha ya makaratasi, akanifunga mpaka kidevuni, akanikalisha robo saa. Nilitoa jasho la mtu anayehukumiwa.

"Unapumua?"

"Kidogo, Baba."

"Kidogo inatosha."

Jaribio la mwisho lilikuwa la mkono. Akafunga mwisho wa mkono mmoja kwa kamba, akaujaza maji kama kibuyu, akauning'iniza kwenye nguzo. Tulikula muhogo wa kuchemsha tukiutazama. Tulipomaliza, chini ya ule mkono vumbi lilikuwa bado vumbi. Baba mdogo aliugonga kwa ukucha, akatikisa kichwa kukubali, na nikalinunua.

Tulifika Koboko jioni tukiwa na furaha ya watu waliooa. Shangazi alilipokea jaketi mlangoni kwa ncha ya fimbo ya kufagilia buibui.

Kwa wasioijua nyumba ya Kinubi, lazima nieleze. Kwetu nguo haijawa safi kwa kufuliwa tu. Mwanamke anaweka makaa kwenye chetezo, juu ya makaa udi na ubani na vipande vya msandali vilivyolowekwa kwenye mafuta na sukari, juu ya chetezo kitenga cha fito kilichopinduliwa, na juu ya kitenga nguo. Nguo inakunywa moshi ule. Ukipita barabarani ukasikia harufu hiyo kwenye shati la mwanamume, unajua huyu ana mke, mke anampenda, na leo hawakugombana. Ni lugha, na kila mtu kwetu anaisoma. Kwa nguo ya muzungu aliyekufa, shangazi aliona kipimo cha kawaida hakitoshi. Aliweka makaa mara tatu.

Mimi na baba mdogo tulikuwa tumelala mchana wa pili, tumeshiba, tulipoanza kusikia harufu nyingine ndani ya ile harufu nzuri. Ilikuwa kama tairi linaloomba radhi.

Tulikuta kitenga kinatoa moshi mweusi. Ule mpira wa ndani, upande wa mbele, kandokando ya zipu, ulikuwa umelainika, umekunjamana, na utepe wa mshono ulikuwa umejiachia kutoka kolani hadi kiunoni. Mgongo na mikono, kwa bahati, ilikuwa mbali na makaa.

"Mulisema iko ya maji," alisema shangazi. "Nguo gani inashinda maji halafu inashindwa na moshi?"

Baba mdogo hakulaumu. Alileta solusheni, ile gundi ya kuzibia pancha, na mpira wa ndani wa baiskeli, na mkasi. Akakata viraka virefu, akasugua, akapaka, akangoja, akabandika ndani na nje, kama unavyozibwa mpira wa gurudumu, kutoka kolani hadi chini. Ule ubao wa kitambaa unaofunika zipu nao aliupaka pembeni, upepo usipenye. Kazi ilikuwa nzuri. Tatizo lilikuwa kwamba solusheni ilibaki inanata, na kila ubao ulipogusa jaketi ulitaka kubaki hapo.

"Unahitaji poda," nilisema.

"Poda ya nini? Iko unga."

Akanyunyiza unga wa muhogo juu ya sehemu zote zenye kunata, akaupangusa kwa kiganja, na ukweli ni kwamba zipu ilifunguka na kufungwa bila shida. Alilijaribu mara kumi mbele yangu. Lilifunguka mara kumi.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumamosi. Ofisi ya Arua hufungwa saa saba mchana, na Oraba kulikuwa na malori manne yaliyokuwa yameegeshwa tangu Alhamisi. Nilipofika kwa mama, makaratasi yalikuwa tayari na madereva wanne wamesimama nyuma yake kama wapagazi wa jeneza.

Mama alininusa. "Umeoa?"

"Hapana, Mama. Ni shangazi."

"Mm." Akanitazama juu hadi chini, njano yote ile na viraka vyeusi vya baiskeli kifuani. "Leo makaratasi yakilowa, hapana rudi. Tuma tu ufunguo na mutu."

Niliyaweka kifuani, juu ya sweta mbili, nikafunga zipu, nikabana ubao juu yake, nikaondoka.

Mvua ilinisubiri palepale. Lakini siku ile, jamani, ilikutana na mtu mwingine! Ilinipiga kifuani ikarudi. Ilijaribu kolani, ikakuta mlango umefungwa. Nilikuwa naisikia ikilia juu ya mabega yangu kama juu ya bati, na mimi ndani mle nilikuwa mkavu, wa moto, nanukia kama bibi harusi. Niliimba. Niliyapita mabanda ya kukaushia tumbaku yakifuka mvuke, nikampita mtu aliyejifunika jani la mgomba nikamwonea huruma kama tajiri. Mbele ya Ombaci mvua ilikatika, na niliingia Arua saa sita na nusu, nikasimama mbele ya meza ya ofisa yuleyule, sitiririki hata tone.

"Makaratasi," alisema.

Nikashika zipu. Haikuwepo. Yaani ilikuwepo, chini ya ubao, lakini ubao ulikuwa hauinuki. Unga wa muhogo na maji ya mvua vilikuwa vimefanya gundi ambayo kila mtoto wa shule anayetengeneza bahasha anaijua, nayo solusheni chini yake, ikipata joto la kifua changu na mgandamizo wa upepo mwendo wa saa moja na nusu, ilikuwa imemaliza kazi. Mbele ya jaketi langu palikuwa kitu kimoja, kutoka kidevuni hadi kiunoni.

"Yako ndani," nilisema.

"Ndani ya wapi?"

"Ndani yangu."

Ofisa aliangalia saa ya ukutani. Kisha akanusa. Akainama mbele, akanusa tena, na uso wake ukabadilika. "Kijana, wewe umetoka Oraba, ama umetoka kwa bibi ya mutu?"

Karani wa mashine ya kuchapa, dada mmoja mrefu aliyekuwa ameshafunika mashine yake kwenda nyumbani, aliweka mkono mdomoni. Nikaeleza habari ya shangazi. Kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyosikika kuwa uongo.

Tulijaribu kulivua kwa kupitia kichwani. Ofisa alivuta mkono mmoja, dada yule mkono mwingine, nami niliinama. Jaketi lilipanda mpaka masikioni likakwama kwenye zile sweta mbili. Kwa muda nilikuwa gizani, mikono juu, ndani ya moshi wa udi, nikisikia saa ikigonga na sauti ya ofisa ikisema, "Vuta! Hapana, vuta kwako! Huyu amezaliwa nayo!" Kisha wakanirudisha. Ilikuwa imebaki robo saa.

"Kata," nilisema.

"Mimi?" ofisa alirudi nyuma hatua moja. "Mimi mutumishi ya serikali. Hapana kata mali ya mutu bila fomu."

Nilitazama ule mkono uliokuwa umeshika maji wakati tunakula muhogo. Nilitazama utepe wa mabega, mgongo mrefu. Nililijua lile jaketi kwa siku tatu tu, lakini siku ile lilikuwa limenibeba kama mama anavyobeba mtoto, na kosa lake lilikuwa kunishika kwa nguvu mno. Dada karani alikuwa ameshatoa mkasi kwenye droo. Alinitazama usoni kuhakikisha. Nikafumba macho.

Alianzia chini, pembeni mwa zipu, akapanda. Sauti ilikuwa ya mtu anayepasua nyama kavu. Alipofika kolani nilisikia hewa ya ofisi ikiingia, na mkono wake ukatoa bahasha. Alishtuka kidogo.

"Iko na moto," alisema. "Kama chapati."

Ofisa akafungua. Kurasa zote zilikuwa kavu, zimenyooka, kila herufi mahali pake. Alizinusa mara moja zaidi, akatikisa kichwa kwa kitu kilichofanana na wivu, akapiga mihuri. Mhuri wa mwisho ulilia saa ikigonga saa saba.

Nje ngurumo ilijibu.

Nilisimama mlangoni na makaratasi yenye wino mbichi mkononi, kifua wazi kuanzia shingo hadi kiuno, nikitazama wingu jingine linapanda kutoka upande wa Koboko. Nusu ya kazi ilikuwa bado iko mbele. Makaratasi yaliyolowa wakati wa kurudi yana thamani ileile ya makaratasi yaliyolowa wakati wa kwenda.

Dada karani alikuwa akifunga mlango nyuma yangu. Alinitazama mbele, akanizunguka akanitazama nyuma.

"Nyuma iko nzima," alisema.

"Ndiyo."

"Sasa mvua inakupiga mbele ama nyuma?"

"Mbele," nilisema. Akaninyang'anya jaketi, akalishika nyuma mbele, kama anavyoshikiwa mtoto shati, nami nikaingiza mikono. Ule mgongo mrefu, usio na zipu, usio na mshono wa katikati, usioguswa na makaa, ukanikalia kifuani. Akaweka bahasha ndani, chini ya kidevu changu, kisha akanifunga mgongoni kwa kamba ya kufungia mafaili, vifundo vitano, na kila kimoja alikikaza kwa goti.

"Nenda sasa," alisema, na alianza kucheka kabla sijawasha.

Sijawahi kuchekwa kama siku ile. Pale Onduparaka vijana walikuwa uwanjani, mvua imeanza, na mchezo ulisimama kabisa. "Unakwenda ama unarudi?" alipiga kelele golikipa. Kwenye kizuizi askari alinizunguka mara mbili, akatafuta vifungo mbele, akavikosa, akatafuta uso wangu nyuma, na hatimaye akanifungulia njia kwa sababu hakuwa na amri inayohusu jambo kama hilo. Lakini mvua, jamani, haikupata pa kuingilia. Ukuta wa njano, mzima, bila mlango. Maji yalikuja yakagonga yakaondoka. Mgongo wangu ulilowa kidogo, ila mgongo wangu haukuwa umeajiriwa na mtu.

Mama alikuwa amesimama barazani Oraba, madereva wanne nyuma yake. Aliniona nikija, na najua aliniona tangu mbali. Nilipoteremka alinitazama kifuani, hakuona mahali pa kufungua.

"Iko wapi?"

Nikainua kidevu. Akaingiza mkono wake mpana kolani, mpaka kiwiko, akatafuta, akatoa bahasha. Akaweka kiganja juu ya karatasi ya kwanza na kukiacha pale, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Kisha ya pili. Aliangalia mihuri yote minne.

"Jumatatu kuja mapema," alisema. "Iko malori sita."

Madereva walizichukua karatasi zao wakakimbia kwenye mvua. Injini zikaamka moja baada ya nyingine, mama akaingia ndani na wateja wake, na mlango ukafungwa. Nilijaribu kufikia vifundo mgongoni. Kamba ilikuwa imevimba kwa maji. Nikasimama barazani, mikono wazi, nikingoja mtu yeyote mwenye vidole na nafasi, na malori manne yakanipita taratibu kuelekea Koboko, kila moja likipiga honi mara mbili.